Sensa ya Kilimo: Namna Nchi Inavyohesabu Mashamba, Ardhi na Mifugo Yake

Ndugu Wanachama,

Katika mikutano ya matawi imeulizwa zaidi ya mara moja: karani wa sensa ya kilimo anapokuja, ana haja gani na hesabu ya mikarafuu yetu? Wengine wasema huo ni mlango wa kodi. Wengine wasema ni kazi bure, kwani karani huingia nyumba hii akaziruka tano zinazofuata, na hesabu ya namna hiyo haiwezi kuwa kweli. Masuala haya mawili yastahili jawabu. Basi na tulitazame jambo hili hatua kwa hatua, tujue ni nini kinachohesabiwa, kinahesabiwaje, na neno la mkulima mmoja lina uzito gani.

ASILI YA HESABU HII

Watawala wa zamani walihesabu mashamba ili wapate kutoza. Mwaka 1086 Mfalme William wa Uingereza alituma watu wake wakaandike ardhi ya nchi, majembe ya kukokotwa na ng'ombe, na watu waliokuwa juu ya ardhi hiyo. Kitabu kilichotokana na kazi ile kipo hata leo. Kwa hiyo anayemwogopa karani si mjinga. Hofu yake ni ya zamani na ilikuwa na sababu.

Lakini sensa ya kilimo ya siku hizi ina asili nyingine. Mwaka 1905 ilianzishwa mjini Roma Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo, kwa juhudi za David Lubin, mfanyabiashara wa Marekani. Bwana huyo aliona ya kuwa mfanyabiashara mkubwa hujua mavuno ya dunia, na mkulima hajui ila ya shamba lake mwenyewe. Na katika mnada, asiyejua hupangiwa bei na anayejua. Dawa aliyoiona ni hesabu iliyo wazi, isomwe na kila mtu. Taasisi hiyo ndiyo iliyosimamia sensa ya kwanza ya kilimo duniani, duru ya mwaka 1930. Baada ya Vita Kuu ya Pili kazi ilishikwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yaani FAO, na tangu duru ya 1950 ndilo linalotoa mwongozo kila miaka kumi. Duru ya kumi ilikuwa ya miaka 2016 hadi 2025, na ya kumi na moja ni ya 2026 hadi 2035.

Kwetu, sensa za 2002/03, 2007/08 na 2019/20 zilichukua Bara na Visiwani pamoja. Bara kazi ni ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Zanzibar ni ya Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, zikishirikiana na wizara za kilimo na mifugo.

NANI ANAHESABIWA KUWA MKULIMA?

Sisi tuliosoma chuoni twajua maana ya nisabu. Mwenye ng'ombe 29 hatoi zaka ya ng'ombe. Wakitimia 30 na mwaka ukapita, hutoa. Mbuzi na kondoo nisabu yao ni 40. Sensa nayo ina nisabu yake, ijapokuwa haichukui kitu. Katika sensa zetu kaya huitwa ya kilimo ikiwa na moja katika haya:

1. Imelima au ina ardhi ya kulima isiyopungua mita 25 za mraba, yaani kipande cha mita tano kwa tano.
2. Ina ng'ombe mmoja au zaidi.
3. Ina mbuzi, kondoo au nguruwe watano au zaidi.
4. Ina kuku, bata au bata mzinga hamsini au zaidi.

Kila nchi ina mpaka wake. Marekani hawatazami eneo wala idadi ya wanyama, bali hutazama mauzo: mahali panapotoa mazao ya dola 1,000 kwa mwaka, yakauzwa au yakawa ya kuuzwa kwa kawaida, huitwa shamba. Kwa mpaka huo walihesabu mashamba 1,900,487 mwaka 2022. Kwa hiyo mtu akikwambia nchi fulani ina mashamba kadha wa kadha, muulize kwanza: wanaita nini shamba? Kipande cha muhogo nyuma ya nyumba kwetu chahesabiwa. Huko pengine hakingehesabiwa.

SHAMBA LA NANI?

Hapa ndipo watu wetu wanapobabaika zaidi. Visiwani mwetu ardhi yaweza kuwa ya mtu mmoja na mikarafuu iliyo juu yake ikawa ya mwingine. Liko shamba la urithi ambalo ndugu saba hawajagawana. Liko shamba ambalo mwenyewe yuko Maskati au Dar es Salaam, na mdogo wake ndiye anayepalilia na kuchuma. Ziko pia zile eka tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964, ambazo leo zinalimwa na watoto na wajukuu wa waliopewa.

Mwongozo wa sensa unasema hivi: shamba huhesabiwa kwa yule anayeliendesha, bila ya kutazama hati wala jina la mmiliki. Karani haulizi “Ni la nani kisheria?” ila kwa ajili ya kujua namna lilivyopatikana: kwa urithi, kwa kununua, kwa kukodi, au kwa kuazima. Basi shamba la yule aliye Maskati litaandikwa katika kaya ya mdogo wake anayelitunza.

Yafaa tulishike sana jambo hili, kwani limeleta ugomvi kati ya ndugu. Karatasi ya sensa si hati. Hakuna mrithi aliyepoteza haki yake kwa kuwa shamba limeandikwa katika kaya ya nduguye, wala hakuna aliyepata haki kwa kuandikwa. Mwenye shaka ya urithi aende kwa kadhi au mahakama ya ardhi, asimfukuze karani.

KWA NINI KARANI ANARUKA NYUMBA?

Ziko nchi zinazopita nyumba kwa nyumba. India imehesabu mifugo tangu 1919/20, na mwaka 2019 ilifanya hesabu ya 20, wakapata wanyama zaidi ya milioni 535. Kazi hiyo yataka makarani wengi mno na fedha nyingi mno.

Njia ya pili ni ya sampuli, nayo mkulima wa karafuu anaijua kuliko anavyodhani. Ukipeleka magunia yako kituoni, mpimaji hatoi karafuu moja moja kuzitazama. Hutia mkono guniani, akatoa konzi, akatazama ukavu, makonyo na uchafu, na kwa konzi hiyo akalihukumu gunia zima. Hukumu yake huwa ya haki kwa sharti moja: mkono usichague. Akitoa juu tu, na chini kuna karafuu mbichi, amedanganyika. Sharti achote juu, kati na chini.

Sensa hufanya vivyo hivyo. Nchi hugawanywa katika maeneo madogo ya kuhesabia. Baadhi ya maeneo hayo hutolewa kwa bahati nasibu. Katika kila eneo lililotoka, kaya zote za kilimo huorodheshwa kwanza, kisha hutolewa chache, nazo kwa bahati nasibu. Karani haendi kwa rafiki yake, wala hamruki asiyempenda. Orodha ndiyo inayompeleka. Katika sensa ya 2002/03 Zanzibar ilitoa maeneo 317, na kila eneo kaya 15, jumla kaya 4,755. Bara ilikuwa vijiji 3,221 na kaya 48,315. Mashamba makubwa ya makampuni na taasisi hayaingizwi katika bahati nasibu. Hayo huhesabiwa yote, kwa kuwa moja tu likisahauliwa laweza kuipotosha hesabu ya wilaya nzima. Kwa njia hii ndiyo sensa ya 2019/20 ilionyesha ya kuwa Tanzania ina ng'ombe wapatao milioni 33.9.

UZITO WA NENO MOJA

Sasa tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme eneo moja lina kaya za kilimo 90, na zimetolewa 15. Kugawa 90 kwa 15 ni 6. Maana yake kila kaya iliyotoka inasema kwa niaba ya kaya sita. Tena eneo lenyewe linasimama kwa niaba ya maeneo mengine ambayo hayakutoka. Tuseme manne pamoja nalo. Basi kaya moja inabeba kaya 6 mara 4, yaani 24.

Mzee mmoja ana mikarafuu 80. Karani anapomuuliza, anaogopa, anasema 60. Yeye anadhani ameficha miti 20 yake. Sivyo. Katika vitabu vya serikali imepotea miti 20 mara 24, yaani 480. Miti 460 kati ya hiyo si yake. Ni ya wenzake ambao hawakuulizwa neno. Serikali ikipanga miche ya kupandikiza badala ya mikarafuu mizee, au bwana shamba wa wilaya, au barabara ya kutolea karafuu, itapanga kwa hesabu iliyopungua, na wilaya yenu itapata kilichopungua.

Na anayezidisha ni vivyo hivyo. Mwenye miti 80 akasema 120 kwa kutaka miche mingi, ameizulia nchi miti 960 isiyokuwako. Mnunuzi akisikia mikarafuu ni mingi, hutazamia mavuno makubwa, na hilo halimsaidii muuzaji. Kwa hiyo, ndugu zangu, aliyetoka katika sampuli amebeba amana ya watu ishirini na zaidi ambao pengine hawajui hata jina lake.

KUPIMA ARDHI, KUHESABU MITI NA MIFUGO

Ardhi. Sisi husema eka, vitabu husema hekta. Hekta moja ni karibu eka mbili na nusu, kwa hiyo eka tatu ni kiasi cha hekta 1.2. Taabu kubwa ni shamba la mchanganyiko. Katika eka moja kuna mikarafuu, minazi michache, migomba na muhogo. Ukisema “karafuu eka moja, migomba eka moja, muhogo eka moja,” eka moja imegeuka tatu. Sema eneo zima ni eka moja, kisha eleza kila zao limeshika sehemu gani.

Miti. Kwa mazao ya kudumu, idadi ya miti ina faida kuliko mavuno ya mwaka mmoja. Mkarafuu hauzai sawasawa: mwaka huu hubeba mpaka matawi yakainama, na mwaka wa pili ukatoa kidogo tu. Nchi ikihesabu mavuno ya mwaka mdogo peke yake itajiona maskini, na ya mwaka mkubwa itajiona tajiri. Ndiyo maana miti iliyokwisha kuzaa hutengwa na michanga. Mche uliopandwa juzi si mkarafuu wa kuchumwa leo. Wachukua miaka sita na zaidi.

Mifugo. Hii hutembea, huzaliwa, huchinjwa na kuuzwa, basi huhesabiwa kwa siku moja iliyotajwa. Katika sensa ya 2002/03 siku hiyo ilikuwa 1 Oktoba 2003. Ng'ombe aliyeuzwa kabla ya siku hiyo si wako katika hesabu. Na ng'ombe uliyempa jirani akufugie mtaje hivyo, asije akahesabiwa mara mbili, kwako na kwa jirani. Katika habari ya kuku na mbuzi wa nyumbani, aghlabu ajuaye ni mama wa nyumba, si bwana. Mwiteni akae na karani. Hesabu itakuwa sahihi zaidi.

NA KODI JE?

Sheria ya takwimu yakataza kutoa habari za mtu mmoja mmoja. Kinachochapishwa ni jumla ya mkoa na wilaya, bila majina. Karani hana daftari la kodi, wala haruhusiwi kumwonyesha mtu mwingine majibu yako. Muulize kitambulisho kabla hajaanza. Hiyo ni haki yako, na karani mwema hachukii.

LISILOWEZA KUFANYWA NA SENSA

Tusitake zaidi ya uwezo wake. Kaya 15 zaweza kusaidia kuieleza wilaya zikiunganishwa na nyingine, lakini haziwezi kuieleza shehia peke yake. Anayetaka kujua shehia yake ina mikarafuu mingapi mizee hatapata jawabu katika kitabu cha sensa. Kazi hiyo ni yetu. Tawi lenye wanachama sitini laweza kuhesabu miti yote kwa siku chache, watu wawili wawili, kwa daftari na kalamu. Tukiwa na daftari hilo, tutakwenda kuomba miche tukitaja idadi, si kulalamika tu.

MASUALA YA KUZUNGUMZWA KATIKA MATAWI

1. Shamba la ndugu saba halijagawanywa, na mmoja wao ndiye anayelitunza. Litaandikwa katika kaya ipi, na kwa nini?
2. Eneo lina kaya za kilimo 120, na zimetolewa 15. Kila kaya inasimama kwa niaba ya ngapi? Mtu akificha mikarafuu 10, mingapi imepotea katika eneo hilo?
3. Bi mmoja ana kuku 40 na mbuzi wanne, na hana ardhi ya kulima. Je, kaya yake ni ya kilimo?
4. Kila mwanachama aandike: eneo la shamba lake, mikarafuu inayozaa, michanga, na iliyokufa. Makatibu wa matawi wakusanye karatasi hizo, wajumlishe, na kuleta jumla pamoja na majawabu ya masuala matatu ya kwanza.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama