Neno "Baadhi" Lililodondoka Njiani

Mhariri wa jarida letu aliniomba niandike somo kuhusu vitenzi. Kwa kuwa najua somo la vitenzi huwafanya wengi wetu kusinzia kabla hata mwalimu hajafuta ubao, nimeonelea niliandike kwa njia ya kisa. Kisa chenyewe kinahusu simu ya shangazi yangu, ambaye huuza viazi na kabeji katika soko la Karatina, na kosa nililolifanya mimi mwenyewe. Kwa hivyo mkicheka, mjue mnanicheka mimi.

Kwanza tuelewane kuhusu maneno. Kila simu janja ina programu kuu ambayo huziendesha programu nyingine zote. Chamani tuliwahi kubishana jioni nzima iwapo tuiite mfumo endeshi ama mfumo wa uendeshaji. Waliotaka mfumo endeshi walishinda kwa kura mbili, basi nami nitafuata uamuzi wa wengi. Android ni mfumo endeshi wa kampuni ya Google, na ndio ulio katika simu nyingi utakazoziona ukitembea kutoka Nyeri mjini hadi Nanyuki. Kila mwaka hutolewa toleo jipya. La 13 lilitoka Agosti 2022, la 14 likatoka Oktoba 2023.

Toleo la 15 ndilo lililoniponza. Tarehe 3 Septemba 2024 Google iliwapa watengenezaji wa simu maandishi ya programu hiyo, lakini simu zake yenyewe, zinazoitwa Pixel, hazikuipata siku hiyo. Watu walikuwa wamezoea kwamba mambo hayo mawili hufanyika kwa pamoja. Pixel zilingoja hadi tarehe 15 Oktoba. Hesabu mwenyewe: ni majuma sita kamili. Katika majuma hayo sita kila mwenye mdomo alikuwa na tarehe yake, na habari hizo zilifika hadi bwenini kwetu, ambako hakuna mwanafunzi anayeruhusiwa kuwa na simu!

Aliyenieleza ni rafiki yangu tunayelala naye chumba kimoja. Aliniambia hivi: "Android 15 inakuja Krismasi." Nami likizo ilipofika, mwezi wa Novemba, nikaenda Karatina, nikamkuta shangazi akiilalamikia simu yake. Ilikuwa nzito kama punda aliyebeba mawe. Kutuma picha moja ilikuwa kazi ya kunywa kikombe kizima cha chai. Alikuwa ameweka akiba ya shilingi elfu kumi na mbili anunue nyingine.

"Shangazi, usinunue," nikamwambia kwa sauti ya mtu aliyesoma. "Simu yako inapata Android 15 Krismasi hii. Itakuwa kama mpya."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Shangazi akaziweka pesa zake akangoja. Krismasi ikapita. Januari nikarudi shuleni. Februari ikaisha, Machi ikaingia. Kila jioni akitoka sokoni alifungua simu kuona kama mgeni amefika, lakini wapi! Mwishoni mwa Machi 2025 akakutana na kijana mmoja mwenye kibanda cha kutengeneza simu, aliyemwambia kwamba anayo Android 15 kwenye kadi, na kwamba kwa shilingi mia tatu ataitia pale pale. Shangazi akampa simu. Aliporudishiwa ilikuwa tupu. Toleo lilikuwa lile lile la zamani, ila kila kitu kilichokuwa ndani kilikuwa kimefutwa, pamoja na picha zote za guka alizompiga katika mwaka wake wa mwisho. Hazikuwa zimehifadhiwa mahali pengine popote.

Nilipofika nyumbani likizo ya Aprili hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Si ulisema inakuja?"

Hapo ndipo somo letu linapoanzia. Niliporudi shuleni nilimwomba mwalimu mlezi wa chama ruhusa ya kutumia chumba cha tarakilishi siku mbili. Nilitaka kujua uongo uliingilia wapi, kwa maana mimi sikumdanganya shangazi kwa kusudi, na rafiki yangu vilevile hakunidanganya. Niliifuata habari kinyumenyume, mdomo kwa mdomo, kama mtu anayetafuta chanzo cha mto. Rafiki yangu aliipata kwa kaka yake, makanga wa matatu za Nyeri na Karatina. Kaka aliipata katika ujumbe uliokuwa ukitumwa kutoka simu hadi simu. Ujumbe ulitokana na tangazo lenyewe la Google la tarehe 3 Septemba, ambalo nililisoma kwa macho yangu.

Tangazo hilo lilisema nini? Kwa muhtasari, lilisema kwamba Pixel zitapata toleo la 15 katika majuma yajayo, na kwamba baadhi ya simu za watengenezaji kadhaa, wakiwemo Samsung, Xiaomi na Tecno, zitalipata katika miezi ijayo. Halikutaja tarehe, na Krismasi haimo kabisa.

Sasa tazama safari ya sentensi hiyo. Ule ujumbe ulisema: "Android 15 inatarajiwa kufikia simu za Tecno na nyinginezo miezi ijayo." Neno "baadhi" limekwisha kudondoka, na hakuna aliyelisikia likianguka. Kaka wa rafiki yangu akasema: "Inasemekana simu zote zitapata kabla ya Krismasi." Pale palipokuwa na pengo la "baadhi" sasa pamekaa "zote," na "miezi ijayo" imepewa siku yake. Rafiki yangu akaifupisha: "Inakuja Krismasi." Nami nikamfikishia shangazi: "Simu yako inapata." Kumbe simu ya shangazi haikuwa hata ya kampuni yoyote iliyotajwa katika tangazo!

Hebu tuvichunguze vitenzi hivyo vitatu: inatarajiwa, inasemekana, inakuja.

"Inatarajiwa" ni kauli ya kutendwa, kutokana na tarajia. Tunafundishwa kwamba katika kauli ya kutendwa mtendaji hutajwa kwa kutumia "na": inatarajiwa na wakulima, inatarajiwa na mwalimu mkuu. Lakini sarufi hailazimishi mtendaji atajwe. Anaweza kuachwa nje na sentensi ikasimama wima bila yeye. Nani aliyekuwa akitarajia? Msomaji hakuuliza, na kitenzi hakikumlazimu aulize.

"Inasemekana" ni kali zaidi. Sema, semeka, semekana. Hapa huwezi hata kumwongeza mtendaji ukitaka. Jaribu kusema "inasemekana na kaka yangu" uone mwalimu atakavyoizungushia kalamu nyekundu. Kile kiambishi i- mwanzoni hakimwakilishi mtu wala kitu. Ni kitenzi kisicho na mwenyewe. Sisemi kwamba tusikitumie. Magazeti hukitumia kila siku na huwa na sababu zake. Nasema tu kwamba mtu akikuambia "inasemekana," una haki ya kumuuliza: ni nani asemaye?

Lakini kilichonishangaza zaidi ni cha tatu. "Inakuja" hatukioni kuwa na hatari yoyote. Katika vitabu -na- ni kiambishi cha wakati uliopo na -ta- ni cha wakati ujao. Katika mazungumzo yetu, hata hivyo, tunatumia -na- kwa jambo lijalo ambalo tuna hakika nalo. "Kesho naenda Nyeri," utasema, ikiwa nauli unayo mfukoni. Huna nauli? "Labda nitaenda." Basi rafiki yangu alipotoka kwenye "zitapata" akaingia kwenye "inakuja," alibadilisha herufi chache tu, lakini aliugeuza utabiri ukawa kama matatu ambayo tayari inaonekana inapanda mlima. Shangazi, ambaye hakusoma sarufi lakini Kiswahili anakijua, alikisikia kiambishi hicho akaelewa kwamba nauli ninayo.

Mwalimu mlezi alipoisikia hoja yangu alitukumbusha jambo la zamani kidogo. Februari 2013 Microsoft na Huawei walizindua simu iliyoitwa Huawei 4Afrika katika nchi saba za Afrika, Kenya ikiwemo. Ilitumia mfumo endeshi wa Windows Phone 8. Mwezi huo huo ulitangazwa mradi wa Mawingu wa kule Nanyuki, uliopeleka intaneti vijijini kwa masafa ya televisheni yasiyotumika na umeme wa jua. Miongoni mwa shule ulizozifikia ni Gakawa Sekondari, jirani zetu hapa Kieni. Kwa hivyo jina la Windows halikuwa geni huku mlimani.

Sasa, Novemba 2014 Microsoft ilisema kwamba ina nia ya kuzipa simu zote za Lumia zenye Windows Phone 8 toleo jipya la Windows 10. Ilisema nia. Waliosikia wakasikia ahadi. Majaribio yalianza Februari 2015, na hata Lumia 520, simu ya bei nafuu iliyouzwa sana, iliruhusiwa kujaribu. Novemba 2015 zikatoka simu mpya zenye toleo hilo. Zile za zamani zikaambiwa Desemba. Desemba ikapita, zikaambiwa mapema mwaka ujao. Toleo lilifika tarehe 17 Machi 2016, na lilipofika orodha ilikuwa fupi. Lumia 520, yenye kumbukumbu ya megabaiti 512 tu, haikuwamo.

Chamani tulibishana sana juu ya hapo. Wengine walisema kampuni kubwa ikishasema "nia" mbele ya dunia nzima, hiyo ni ahadi tu iliyovaa kanzu. Mimi nasimama katikati. Anayesema "nanuia kukuoa" na anayesema "nitakuoa" hawajasema neno moja, na kila msichana hapa shuleni analijua hilo. Lakini mwenye kunuia akiona watu wote wanapika pilau, yafaa aseme mapema kwamba harusi bado haijapangwa.

Tusisahau kuuliza: mbona kuchelewa kwenyewe? Hili nilimweleza shangazi, na ni yeye aliyelieleza vizuri kuliko mimi. Nilimwambia kwamba Google ikimaliza kazi yake, watengenezaji wa vile vijiwe vya ndani ya simu, kama MediaTek na Qualcomm, huandaa sehemu yao. Kisha mtengenezaji wa simu huongeza sura yake mwenyewe. Tecno kwa mfano huiita HiOS. Halafu hujaribiwa kwa kila aina ya simu, na mwishowe hutolewa kwa mafungu, si kwa wote siku moja. Hata Samsung, pamoja na ukubwa wake, ilizifikishia simu zake za Galaxy S24 toleo la 15 Aprili 2025, miezi saba baada ya tangazo. Simu ndogo zenye kumbukumbu ya giga mbili, kama ile ya shangazi, mara nyingi huachwa na toleo walilozaliwa nalo.

"Aa," akasema shangazi. "Ni kama kahawa."

Nikamwuliza vipi.

"Wewe unachuma, unapeleka kiwandani. Kiwanda kinatoa maganda, kinakausha. Halafu kinuni. Halafu mnada Nairobi. Halafu ndio pesa zirudi. Sasa mtu akikutana nawe njiani wakati buni bado iko juani, akwambie malipo ni wiki ijayo, utamwamini?"

Nikanyamaza. Mwaka mzima nilikuwa nimemwona akiwacheka watu waliokopa dukani kwa sababu ya uvumi wa malipo ya kahawa. Kwa kahawa alikuwa anajua kila kituo, kwa hivyo hakuna aliyeweza kumpa tarehe ya uongo. Kwa simu hakujua kituo hata kimoja. Aliyejua kidogo nilikuwa mimi, na kidogo hicho ndicho nilichokitumia kumpotosha.

Kuhusu picha: tulizitafuta kwa jamaa wote. Mjomba wa Nanyuki alikuwa nazo nne ambazo shangazi aliwahi kumtumia. Binamu yangu wa Othaya alikuwa na tatu. Cucu alikuwa na moja ya karatasi, ya guka akiwa amesimama kando ya baiskeli, lakini hiyo ni ya zamani sana. Tulipata nane kwa jumla. Shangazi anakadiria kwamba alikuwa nazo zaidi ya mia moja, na kati ya zilizopotea kuna moja ambayo guka alikuwa akicheka, jambo ambalo hakulifanya mara nyingi mbele ya kamera.

Simu mpya alinunua mwezi wa Mei. Alimpeleka binamu yangu dukani, hakuningojea mimi, na hilo nililistahili.

Toleo la 16 la Android lilitolewa kwa simu za Pixel tarehe 10 Juni 2025. Habari ziliwahi sokoni Karatina kabla hazijafika bwenini kwetu, maana tulipopewa mapumziko mafupi ya muhula wa pili nilimkuta shangazi kibandani pake akipanga kabeji. Hata mkono hakunipa kwanza.

"Nasikia Android 16 imetoka," akasema. "Wamesema zote, ama wamesema baadhi?"