MACHO YAKIPOTEA, MASIKIO NA VIDOLE VINAWEZA KUSOMA



Mara nyingi tumekuambia: linda macho yako. Leo tutalisema neno hilo tena, lakini tutaenda mbele kidogo. Tutajifunza namna mtu asiyeona anavyoweza kusoma barua yake mwenyewe, kuandika mwenyewe na kuchunga feza yake mwenyewe, kwa msaada wa telefone na wa maandiko ya Braille. Somo hili ni la wote. Katika jamaa nyingi yuko baba, nkambo ao mtoto asiyeona vizuri. Na hakuna mtu anayejua kesho yake.

1. AJALI NDANI YA KARAKANA

Maandiko ya vipofu yalizaliwa kutokana na ajali ya kazi. Sikiliza habari hii.

Tarehe 4 Januari 1809, katika kijiji cha Coupvray, karibu na Paris, kule Ufaransa, alizaliwa mtoto aliyeitwa Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa ngozi. Alitengeneza matandiko ya farasi. Siku moja mtoto, mwenye umri wa miaka 3, aliingia katika karakana ya baba yake. Alishika msharasi, yaani ile sindano nene ya kutobolea ngozi, akataka kufanya kama alivyomwona baba. Msharasi uliteleza ukamchoma jicho. Siku zile hapakuwa na dawa ya kuzuia usaha. Ugonjwa ulihamia katika jicho la pili, na alipofika umri wa miaka 5 alikuwa kipofu kabisa.

Baba na mama, shikeni mafundisho mawili. La kwanza: chombo cha kazi si kitu cha mtoto kuchezea. Usikiache mahali anapoweza kukifikia. La pili: jicho moja likiumia, usiseme «bado ninalo la pili». Kidonda cha jicho moja kinaweza kuharibu yote mawili kama hakikutunzwa upesi.

Mwaka 1819 Louis alipelekwa katika shule ya vipofu mjini Paris. Vitabu vya shule vilikuwa na herufi kubwa zilizoinuka juu ya karatasi. Kuzisoma kwa kidole kulichukua wakati mwingi, na mwanafunzi hakuweza kuandika chochote mwenyewe. Kisha Charles Barbier, mtu aliyekuwa askari zamani, alileta shuleni maandiko ya nukta za kupapasa. Lakini alama moja iliweza kuwa na nukta 12, na kidole hakikuweza kuzishika zote mara moja. Louis alipunguza nukta hizo hata zikabaki 6. Mwaka 1824, alipokuwa na umri wa miaka 15, kazi yake ilikuwa karibu kutimia. Mwaka 1829 ilichapwa katika kitabu.

Tena fikiri jambo hili: kwa kuandika nukta zake alitumia chombo chenye ncha, ndugu ya ule msharasi uliomnyima macho. Alikufa mwaka 1852. Miaka miwili kisha kufa kwake, shule yake ilikubali maandiko yake. Leo yanasomwa duniani pote.

2. NUKTA SITA

Chukua boksi la mayai lenye mashimo 6, matatu kushoto na matatu kuume. Hiyo ndiyo sura ya herufi moja ya Braille. Upande wa kushoto, toka juu kwenda chini, hesabu 1, 2, 3. Upande wa kuume, toka juu kwenda chini, hesabu 4, 5, 6.

Herufi A ni nukta 1 peke yake. Herufi B ni nukta 1 na 2. Herufi C ni nukta 1 na 4. Basi weka mawe madogo katika mashimo uandike neno «baba»: kwanza 1 na 2, kisha 1, kisha 1 na 2, mwisho 1. Umekwisha kuandika neno lako la kwanza. Nukta 6 zinaweza kupangwa kwa namna 63. Zinatosha kwa herufi zote, tarakimu na alama. Hata ile é ya Kifaransa ina alama yake: ni nukta zote 6 pamoja.

Kwa kujifunza, hauhitaji umeme. Kibao kidogo chenye matundu, karatasi ngumu na msumari wenye kishiko vinatosha. Angalia tu jambo hili: unapotoboa unaandika toka kuume kwenda kushoto, kwa kuwa nukta zinatokea upande wa pili. Ukigeuza karatasi, utasoma toka kushoto kwenda kuume, kama kawaida.

Mtu mzima aliyeshika sururu na mashini miaka mingi ana vidole vigumu. Asikate tamaa. Aoshe mikono, apapase polepole bila kukandamiza, kila siku kidogo. Itachukua miezi. Kujifunza kusoma kwa macho vilevile kulichukua miezi, lakini tumekwisha kusahau.

3. TELEFONE INAYOSEMA

Fikiri baba mmoja aliyepoteza macho. Mwisho wa mwezi telefone yake inalia: feza imeingia. Anamwita mtoto wa jirani amsomee. Mtoto anasoma kwa sauti, na watu wote wa uwanja wanasikia hesabu. Siku nyingine anataka kutoa feza, anamwambia mtu namba yake ya siri. Leo ni mtu mwaminifu. Je, kesho?

Baba huyu si mjinga. Amekosa njia tu. Na njia iko, mara nyingi ndani ya telefone yake yenyewe. Tangu mwaka 2009, telefone za Android zina programu iitwayo TalkBack, na telefone za iPhone zina VoiceOver. Programu hizi zinasoma kwa sauti kila kitu kinachoandikwa kwenye kioo. Hazinunuliwi: huja pamoja na telefone.

Kwa kuifungua katika telefone ya Android, ingia «Paramètres», kisha «Accessibilité», kisha «TalkBack». Katika telefone nyingi za sasa inatosha kukandamiza pamoja vifungo viwili vya sauti, cha kuongeza na cha kupunguza, kwa muda wa sekunde 3. Ukifanya hivyo tena, inafungika. Katika iPhone utaikuta ndani ya «Réglages», kisha «Accessibilité».

Mara programu inapofunguka, telefone haitii tena kama zamani. Usiogope, haikuharibika. Sheria zake ni hizi:

— Gusa kitu mara moja: telefone inakuambia jina lake, lakini haikifungui.
— Gonga mara mbili upesi: kitu kinafunguka.
— Telezesha kidole kimoja kwenda kuume: unapita kwenye kitu kinachofuata. Kwenda kushoto: unarudi nyuma.

Kwanza mwanafunzi ajue hizo tatu tu. Ajizoeze kupokea mwito, kisha kupiga, kisha kusoma ujumbe. Sauti ya Kifaransa iko katika telefone nyingi, na kuna vilevile sauti ya Kiswahili. Mwanzoni asemeshe telefone polepole. Akizoea, ataongeza mwendo yeye mwenyewe.

Ninyi mnaoona, msimnyang'anye telefone mkisema «leta, nifanye upesi». Mwambieni la kufanya, mwacheni afanye kwa vidole vyake. Mkono wako ukifanya, yeye hajifunzi.

4. KIBAO CHA BRAILLE CHA UMEME

Pengine utauliza: kama telefone inasema, Braille ni ya nini tena?

Jibu la kwanza ni la watoto. Mtoto anayesikia tu hajui neno linaandikwa namna gani. Mtoto asiyeona anapaswa kujua herufi kama wenzake, ili aweze kuandika barua, kufanya hesabu na kupita mtihani.

Jibu la pili linatuhusu sisi wa migodi. Kelele ya mashini za kutoboa mawe na za kusaga inaharibu masikio. Mtu aliyepoteza macho, na masikio yake ni mazito, sauti ya telefone itamsaidia nini? Huyo atasoma kwa vidole.

Kuna kibao cha umeme kinachoungana na telefone bila waya, kwa njia ya Bluetooth. Juu yake kuna mstari wa vyumba vidogo, pengine 14, 20 ao 40. Ndani ya kila chumba kuna vijiti vidogo kama vichwa vya sindano, mara nyingi 8: sita vya Louis Braille, na viwili vya kuonyesha mahali unapoandika na mambo mengine. Katika vibao vingi, chini ya kila kijiti kuna kipande chembamba kinachopindika kinapopata umeme, nacho kinasukuma kijiti juu. Hivyo neno linalotokea kwenye kioo cha telefone linainuka chini ya vidole. Umemaliza mstari? Kandamiza kifungo, vijiti vinashuka, mstari mwingine unapanda. Vibao vingi vina vilevile vifungo vya kuandikia: unakandamiza nukta 1 na 2 pamoja, na B inaingia katika telefone.

Tuseme kweli: kibao hiki ni ghali. Vingi vinapita dola 1000. Si kila jamaa inayoweza kukinunua, na shule ao shirika linaweza kukinunua kwa kutumiwa na wengi. Lakini anayejua Braille anaweza kuanza bila kibao. Tangu mwaka 2020, TalkBack inaweza kugeuza kioo cha telefone kuwa vifungo 6 vya Braille. Unaandika ujumbe wako kimya, bila kusema kitu mbele ya watu.

Kama jamaa imepata kibao, kichungeni vizuri. Vumbi ni adui ya vijiti. Osha mikono kabla ya kusoma, kifunike kisha kazi, usikiweke karibu na maji wala chakula.

5. SIRI YA FEZA NA USALAMA WA NJIANI

Mtu anayetumia telefone inayosema ashike mambo haya:

— Anapoandika namba ya siri, atie visikizi masikioni, ili namba isisikike na wengine.
— Afiche kioo. TalkBack na VoiceOver zinaweza kukifanya kiwe cheusi kabisa: mwenyewe anasikia, jirani haoni kitu.
— Orodha za feza zinazofunguliwa kwa nyota na dieze zinajifunga mtu akikawia. Ajizoeze kwanza kwa kuuliza salio tu, hata mkono uzoee, ndipo atume feza.
— Asimpe mtu namba ya siri, hata akisema anatoka kwenye kampuni ya telefone.
— Njiani asizibe masikio yote mawili. Masikio ndiyo macho yake mbele ya kamio na pikipiki. Kwa kuvuka barabara, aweke telefone mfukoni.

6. TUNARUDI KWENYE MACHO YAKO

Ndugu, vyombo hivi ni vizuri. Lakini hakuna hata kimoja kitakachokuonyesha uso wa mtoto wako. Basi:

— Vaa miwani ya usalama unapokata chuma, unapolisha mashini ya kunoa, unapovunja jiwe. Kwa kuunganisha chuma kwa moto, vaa kinyago chenye kioo cheusi. Miwani iliyo juu ya kofia hailindi kitu.
— Asidi ao chokaa ikiingia jichoni, usikimbie kutafuta shefu. Osha mara hiyohiyo kwa maji safi mengi, jicho likiwa wazi, kwa dakika 15 ao zaidi. Kisha enda hospitalini.
— Kipande cha chuma kikiingia ndani ya jicho, usisugue, usikivute. Funika bila kukandamiza, wakupeleke kwa mganga upesi.
— Usitie jichoni dawa ya majani wala dawa ya jirani.

Na mwenzetu aliyepoteza macho, tusimwite mtu aliyekwisha. Enda kwake Jumapili. Fungua ile programu katika telefone yake, umwache ajaribu mbele yako. Siku atakaposoma mwenyewe ujumbe wa mtoto wake aliye mbali, bila kumwita mtu wa katikati, utaona ya kuwa saa moja uliyompa haikupotea.

MASWALI YA KUJIBU NYUMBANI

1. Chombo gani kilimharibu Louis Braille macho? Vyombo vyako vya kazi viko wapi sasa hivi?
2. Andika jina la mtoto wako mdogo kwa mawe katika boksi la mayai. Herufi usizozijua, mwulize mwalimu.
3. Nani katika mtaa wako anasomewa ujumbe wake na watu wengine? Utakwenda kwake lini?