Kiti cha Magurudumu Hupimwa Kabla ya Kutolewa

Sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kuwa Wakenya zaidi ya 900,000 wenye umri wa miaka 5 na zaidi wanaishi na ulemavu. Kati yao, zaidi ya 380,000 wana tatizo la kutembea, na hilo ndilo kundi kubwa kuliko yote. Wengi wanaohitaji kiti cha magurudumu hawawezi kukinunua, hivyo hukipata kupitia makanisa, misikiti, mashirika ya hisani na serikali. Msaada huo ni wa thamani kubwa, lakini kiti kisichomfaa mtumiaji kinaweza kumdhuru.

Hatari isiyoonekana

Mtu aliyeumia uti wa mgongo mara nyingi hahisi maumivu makalioni. Akikaa saa nyingi juu ya kitambaa kitupu cha kiti, damu haifiki vizuri kwenye ngozi iliyobanwa. Huanza doa dogo, kisha kidonda, na kidonda hicho kinaweza kuchimba hadi mfupani. Viini vikiingia kwenye damu, mgonjwa anaweza kufariki. Kwa sababu hiyo, mto maalumu wa kukalia ni sehemu ya kiti, si pambo. Mtumiaji naye hufundishwa kuinama mbele au pembeni mara kwa mara ili kupumzisha ngozi, na ngozi yake hukaguliwa kila siku.

Hatua nane

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye hatua nane: rufaa, tathmini, uchaguzi wa kiti, fedha na uagizaji, utayarishaji, kumkalisha mtumiaji na kurekebisha vipimo, mafunzo, na mwisho ufuatiliaji pamoja na matengenezo. Hafla ya kukabidhi viti haimo katika orodha hiyo. Inaweza kufanyika, ila haichukui nafasi ya hatua hizo.

Vipimo vya kuangalia

• Upana: kiti kikaribie nyonga bila kuzibana. Kikiwa kipana mno, mtu huegemea upande mmoja na mgongo hupinda.
• Kina: nafasi ya vidole viwili hivi ibaki kati ya ukingo wa kiti na nyuma ya goti.
• Sehemu ya miguu: nyayo zitulie na mapaja yalale sawasawa juu ya mto.
• Magurudumu makubwa: mkono ukiwa juu ya gurudumu, kiwiko kikunjike karibu pembe mraba.

Barabara na nyumba

Kiti cha hospitali kimeundwa kwa sakafu laini. Magurudumu yake madogo ya mbele hukwama kwenye mchanga na matope. Kwa njia za vijijini, kiti cha magurudumu matatu chenye gurudumu kubwa mbele hufaa zaidi. Baiskeli ya kuendeshwa kwa mikono husaidia safari ndefu, lakini huhitaji mikono yenye nguvu na haipiti milango mingi. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo huhitaji kiti kinachoshikilia kichwa na kiwiliwili, nacho hurekebishwa kadiri anavyokua.

Kabla ya kununua, mfadhili anashauriwa kuuliza kama vipuri vinapatikana karibu. Kiti chenye tairi na spoki za baiskeli kinaweza kutengenezwa na fundi wa sokoni. Shirika la APDK, lililoanzishwa mwaka 1958, ni miongoni mwa wanaotengeneza viti humu nchini.

Ni haki pia

Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kukabiliana na vikwazo vya hali yake. Anayehitaji kiti huanza kwa tathmini ya ulemavu katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha husajiliwa na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambako anaweza kuomba kifaa.

Familia ambayo tayari imepewa kiti inashauriwa kumpeleka mtumiaji pamoja na kiti chake kwa mtaalamu wa tiba ya viungo ili kipimwe. Ngozi ikionyesha wekundu au weusi usioisha, aache kukalia sehemu hiyo na afikishwe hospitalini bila kuchelewa.