Muuzaji Aliyechoka Hamsikii Mteja: Mwongozo kwa Maduka ya Vifaa vya Sauti Lodwar na Kakuma

Duka la spika, iwe kando ya barabara kuu ya Lodwar au ndani ya soko la Kakuma, hulisikia kabla hujaliona. Spika zimepangwa mlangoni na wimbo unapigwa tangu asubuhi. Ndani mna kijana mmoja anayeuza redio za sola, amplifaya, sabufa, flashi na maikrofoni za kanisa. Yeye ndiye anayejaribu kila spika, anayepokea M-Pesa, anayeunga nyaya na anayebishana na mteja aliyerudisha redio iliyoungua. Ikifika saa kumi jioni, anayeuliza bei huonyeshwa kwa kidole tu.

Watu husema kijana huyo hana adabu. Mara nyingi amechoka, na uchovu wake una sababu zinazoweza kuondolewa. Huduma nzuri haiji kwa kumkemea muuzaji atabasamu. Huja kwa kuipanga siku yake ya kazi vizuri.

Uchovu wa kazi ni nini?

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kuwa hali inayotokana na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukushughulikiwa. Shirika halikuuita ugonjwa, ila liliutaja kuwa jambo linaloathiri afya. Dalili zake ni tatu: nguvu kuisha kabisa, moyo kuichukia kazi au kuwadharau wanaohudumiwa, na kujiona huwezi tena kuifanya kazi ipasavyo.

Uchovu wa kawaida huisha ukilala vizuri na kupumzika siku moja. Uchovu huu hubaki. Dukani utauona hivi: muuzaji anasikia salamu ya mteja kama usumbufu, anakosea chenji au namba ya malipo, anajibu kabla swali halijaisha, kichwa kinamuuma kila jioni, na asubuhi anatamani duka lisifunguliwe.

Kwa nini maduka ya sauti?

Sababu ya kwanza ni kelele. Muziki unaomvuta mpita njia kwa dakika moja humpiga muuzaji kutwa nzima. Ya pili ni joto: mchana wa Lodwar mara nyingi hupita nyuzi 35, na chini ya paa la mabati hali huwa mbaya zaidi, hasa amplifaya zikiwa zimewashwa.

Ya tatu ni lugha. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianzishwa mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016. Sokoni hapo wanakutana Waturkana pamoja na Wasudan Kusini, Wasomali, Wakongo, Warundi na Waethiopia. Kumweleza mtu tofauti ya spika mbili kwa lugha ambayo nyote hamuimudu, mbele ya muziki mkubwa, ni kazi inayokula nguvu. Ya nne ni malalamiko: kifaa kikiharibika, anayekabiliwa ni muuzaji, ingawa hakukitengeneza wala hakupanga bei.

Anza na masikio

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sauti ya desibeli 80 isisikilizwe zaidi ya saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, muda salama hushuka hadi saa 4 tu kwa wiki. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 kuhusu kelele kazini nazo zinakataza mfanyakazi kukaa kwenye wastani unaozidi desibeli 90 kwa saa 8. Simu janja inaweza kukupa makadirio kwa programu ya bure ya kupima sauti. Bila simu, tumia kipimo hiki: ikibidi upaze sauti ili mtu aliye umbali wa mkono akusikie, kelele imezidi.

- Elekeza spika za mlangoni nje, mbali na meza ya muuzaji, na uzipunguze mteja anapoingia.
- Tenga nyakati za kimya, mathalani nusu saa asubuhi, mchana na jioni.
- Jaribu spika kubwa kwa wimbo mmoja mfupi, kisha zima.
- Masikio yakilia baada ya kazi, hilo ni onyo. Nenda ukapimwe.

Punguza ugomvi kabla haujazaliwa

Sehemu kubwa ya hasira dukani hutokana na mauzo yaliyofanywa haraka. Kabla ya kutaja bei, muulize mteja maswali manne: kifaa kitatumika wapi, kwa watu wangapi, kwa umeme gani, na ana bajeti kiasi gani. Mchungaji wa kanisa la mahema na mfugaji anayetaka kusikia habari malishoni hawahitaji kitu kimoja.

Mweleze ukweli kuhusu wati. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi mara nyingi ni ya kilele cha kitambo kidogo. Inayofaa kulinganishwa ni ile yenye alama ya RMS, yaani nguvu ambayo kifaa kinaihimili muda wote. Angalia pia omu: amplifaya iliyotengenezwa kwa spika za omu 8 inaweza kupata joto kupita kiasi na kuungua ikifungwa spika ya omu 4. Kwa anayetumia sola, mpigie hesabu ya betri. Mzigo wa wati 50 kwenye betri ya volti 12 hula takriban amp-saa 4 kila saa.

Jaribu kifaa mbele yake, mwonyeshe waya wa chanya na wa hasi, kisha mwandikie risiti yenye tarehe, namba ya kifaa na masharti ya garanti. Masharti hayohayo yabandikwe ukutani kwa Kiswahili, na ikiwezekana kwa Kiturkana, Kisomali na Kiarabu. Mteja akirudi na lalamiko, nyote wawili mtasoma karatasi moja.

Mwenye duka, haya ni wajibu wako

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba, na siku 21 za kazi za likizo yenye malipo kamili baada ya miezi 12. Mkataba wa miezi mitatu au zaidi unapaswa kuandikwa. Amri ya jumla ya mishahara inaweka saa 52 za kazi kwa wiki. Zikizidi, kuna malipo ya ziada.

Usimkate mshahara kwa kila spika inayoharibika. Kwa mali iliyoharibika, sheria inaruhusu makato ya kiasi cha haki pale mfanyakazi alipofanya kusudi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini, nayo ya mwaka 2007, inadai maji ya kunywa na mahali pa kukaa kwa mfanyakazi ambaye kazi yake inaruhusu kuketi. Stuli, mtungi wa maji na feni ni gharama ndogo kuliko kumfundisha muuzaji mpya kila baada ya miezi michache.

Mpe pia mamlaka. Muuzaji anayeruhusiwa kubadilisha waya mbovu au kupunguza bei kwa kiwango mlichokubaliana hasimami katikati ya mteja aliyekasirika na tajiri asiyepokea simu.

Kwa mteja

Salimu kwanza. Eleza tatizo la kifaa, njoo na risiti, na usiungeunge nyaya nyumbani kisha ukalaumu duka. Katiba ya Kenya, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora wa kuridhisha na maelezo ya kutosha. Idai haki hiyo bila kumtukana aliye mbele yako.

Ukizidiwa

Muuzaji, mweleze tajiri wako mapema, na umtajie jambo mahususi linalokuchosha. Ukikosa usingizi kwa wiki kadhaa, ukikata tamaa au ukifikiria kujidhuru, usingoje: nenda hospitali ya rufaa ya kaunti Lodwar au kituo cha afya kilicho karibu nawe Kakuma, au piga 1199, namba ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya. Kwa mgogoro wa mshahara au likizo, nenda ofisi ya kazi.

Wiki hii, mwenye duka na muuzaji wakae pamoja wapange mambo matatu: siku ya mapumziko, saa za kimya na masharti ya garanti. Wayaandike na kuyabandika ukutani, kisha wayapitie tena baada ya mwezi mmoja.