Bunduki na Wenzake: Mafunzo Sita Niliyopata Bonde la Rukwa

Anayetoka Sumbawanga kwenda Muze huacha uwanda wa juu wa Ufipa, wenye mashamba ya mahindi, ulezi na maharage, ambako wanyamapori wamebaki wachache. Kisha hushuka ukingo wa Lyamba lya Mfipa hadi bonde la Ziwa Rukwa. Huko chini ndiko kwenye sheshe, nyati, viboko na mamba, na huko ndiko nilikojifunzia habari za uwindaji: kwa wazee waliowahi kumiliki magobore, kwa wafugaji waliohamia na mifugo yao, na kwa askari wanyamapori wa vijiji. Niliuliza habari za bunduki, wao wakanipa habari za vyama. Nimeshika mafunzo sita.

1. Chama kilitangulia leseni

Mzee mmoja wa Kisukuma alinisimulia habari za bayege, chama cha wawindaji wa tembo cha kabila lake. Wasukuma walikuwa pia na banunguli, wawindaji wa nungunungu, na bayeye, mafundi wa nyoka. "Mwanangu," aliniambia, "hakuna aliyeamka asubuhi akachukua silaha akaenda zake." Aliyetaka kuwinda aliingizwa chamani, akapewa mwalimu, akafundishwa nyayo, dawa na nyimbo. Tembo akianguka, jino moja lilikuwa haki ya mtemi.

Chama hicho kililisha misafara ya pembe iliyokwenda pwani katika karne ya 19, na tembo wengi waliisha kwa sababu hiyo. Hata hivyo kilijua jambo ambalo sisi tumelisahau: mwindaji lazima ajulikane ni wa nani, amefundishwa na nani, na akikosea atajibu mbele ya nani.

2. Sheria isiyo na mwenyeji huficha bunduki

Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyodai leseni ya kuwinda na kutenga mapori ya hifadhi. Waingereza walifuata na sheria yao ya mwaka 1921. Baada ya uhuru ikaja Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 1974, na sasa tuna Sheria Namba 5 ya mwaka 2009, inayosema wanyamapori ni mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini wa wananchi.

Msingi huo naukubali kwa moyo wote. Ila bondeni nilisikia jinsi ulivyopokewa. Kwa karibu karne nzima mkulima aliambiwa mnyama si wake, huku shamba linaloliwa usiku likiwa lake. Gobore likaingia darini. Likishafichwa, hakuna mzee wala jirani anayeweza kuuliza limetoka lini na limerudi na nini. Mlinzi wa asili wa pori alifanywa mtuhumiwa, na mtuhumiwa hana sababu ya kutoa taarifa za jangili anayepita usiku.

3. Soma nyasi kabla ya kushika bunduki

Bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalia makuu ya nzige wekundu. Baada ya baa lililotesa sehemu kubwa ya Afrika kuanzia mwaka 1930 hadi 1944, shirika la kimataifa la kudhibiti nzige hao lilianzishwa mwaka 1949, makao yake yakiwa Abercorn, mji unaoitwa leo Mbala, Zambia, ng'ambo tu ya mpaka wetu. Mmoja wa wanasayansi wake, Desmond Vesey-FitzGerald, alikuja kutafuta nzige akaishia kuelewa wanyama. Mwaka 1960 alichapisha utafiti ulioonyesha jinsi wanyama wa Rukwa wanavyopokezana malisho: tembo na nyati hukanyaga na kula nyasi ndefu, ndipo nyamera na sheshe hupata nyasi fupi wanazoziweza.

Nilipomweleza mzee mmoja wa Muze habari hiyo, alitikisa kichwa kukubali: wao walifuata nyati ili wapate sheshe. Maana yake ni nzito. Ukimaliza nyati kwa ajili ya nyama, umemfungia mlango sheshe ambaye hukumpiga risasi hata moja. Ziwa lenyewe halina mto wa kutokea, na maji yake hupanda na kushuka kiasi kwamba sehemu kubwa ya Pori la Akiba Uwanda imemezwa na ziwa. Eneo la malisho likipungua, kila risasi inakuwa na uzito zaidi. Chama chochote cha wenye silaha kianze na somo la nyasi, ndipo kije somo la shabaha.

4. Zawadi inaweza kugeuza desturi

Mpimbwe, kaskazini mwa bonde, ilikuwa ndani ya Mkoa wa Rukwa kabla ya Katavi kuwa mkoa mwaka 2012. Huko vijana wa Kisukuma walioua simba waliokula ng'ombe walizunguka boma kwa boma wakicheza, na wafugaji wakawatunza kwa ng'ombe na fedha. Ilikuwa shukrani ya haki kwa aliyehatarisha maisha yake kulinda mali ya wote. Baadaye baadhi yao wakaanza kumfuata simba mbali na mifugo, hata ndani ya hifadhi, kwa sababu ya zawadi.

Jibu lilitoka hukohuko. Kampeni ya WASIMA, yaani Watu, Simba na Mazingira, ilikaa na viongozi wa jadi wa Wasukuma, na masharti yakawekwa ya kumbana anayecheza bila kuthibitisha kuwa simba wake aliua mfugo. Heshima ilibaki kwa mlinzi, na mtafuta zawadi akanyimwa uwanja. Ninalipenda tukio hili kuliko mengine yote niliyojifunza, kwa kuwa desturi ilirekebishwa na wenye desturi.

5. Marufuku peke yake haijengi ulinzi

Jirani zetu wa Kenya wana historia ya kutufunza. Mwaka 1934 wawindaji wa Kizungu walianzisha chama chao cha kitaaluma katika Norfolk Hotel, Nairobi, wakajiwekea kanuni. Waliangulu wa upande wa Tsavo, mabingwa wa upinde, hawakuwa na nafasi humo. Katika operesheni ya mwaka 1956 na 1957 wengi wao walifungwa kama majangili. Mwaka 1960 mpango wa Galana ulijaribu kuwapa Waliangulu kazi ya kuwinda kihalali. Ulidumu miaka michache, kisha ardhi ikawa ranchi.

Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na chama kile cha Nairobi kikavunjwa. Tembo wa Kenya, waliokadiriwa kuwa 167,000 mwaka 1973, walikuwa wamebaki chini ya 20,000 kufikia mwaka 1989. Majangili hawakuwa wanachama wa chama chochote, wala hawakuhitaji leseni ya kufutiwa.

6. Bunduki ya kijiji iwe na daftari, na daftari liwe na wazee

Tunavyo vyombo. Kanuni za mwaka 2002 ziliruhusu vijiji kuunda Jumuiya za Hifadhi ya Wanyamapori, zenye ardhi yake, mapato yake na askari wake. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inaeleza nani amiliki silaha na kwa masharti gani. Kanuni za mwaka 2011 zinatoa kifuta jasho kwa aliyeharibiwa mazao na kifuta machozi kwa familia iliyopoteza mtu.

Kinachokosekana katika vijiji vingi nilivyofika ni kiungo: kundi la watu wanaojuana, linaloshika vyombo hivi vyote kwa mkono mmoja. Naamini kila kijiji kinachopakana na pori kiwe na chama cha wenye silaha halali na askari wa kijiji, chini ya wazee na afisa wanyamapori wa wilaya. Kiandike kila risasi iliyotoka na sababu yake. Kijaze fomu za kifuta jasho kwa ajili ya wajane na wasiojua kusoma. Kifundishe vijana nyasi na nyayo kabla ya shabaha, kama bayege walivyofundisha. Na atakayevunja masharti anyang'anywe silaha na wenzake, mbele ya mkutano wa kijiji, kabla gari la polisi halijapandisha vumbi.

Kazi hiyo haingoji mfadhili. Inahitaji daftari, mkutano na wazee ambao bado wapo Muze, Ilemba na Mfinga. Halmashauri ianze nao mwaka huu, wakiwa hai na kumbukumbu zao zikiwa kamili.