Gasketi ya Hedi: Cha Kuandaa Kabla ya Kushika Spana

Swali: Corolla yangu yenye injini ya 5A-FE imeunguza gasketi ya hedi. Nataka kuibadilisha mwenyewe hapa Tororo. Niandae nini?

Jibu: Ukienda Busia kutafuta spea, beba namba ya injini. Jina la gari pekee halitoshi. Chukua seti nzima ya gasketi za juu pamoja na sili za valvu, kisha taimingi belti, oili, filta na kulanti. Maji ya kisima yataila hedi, maana ni ya aluminiamu.

Usifunge boliti kwa kukisia, nakusihi; azima spana ya toki. Boliti 10 zinakazwa kwa zamu kutoka katikati kwenda nje, hadi Nm 29, kisha kila moja robo mzunguko, halafu robo nyingine. Weka tone la rangi kwenye kichwa cha kila boliti uone ilivyozunguka. Urefu wake ni wa aina mbili, kwa hiyo toboa boksi la katoni, uchomeke kila moja mahali pake.

Tafuta pia rula ya chuma na fila geji. Upenyo chini ya rula ukizidi milimita 0.05, hedi iende mashineni kwanza.