Jicho Hufundishwa, na Semina Moja Haitoshi



Katika vikao vya kamati za sharika swali moja hurudi: "Tulishagharamia semina ya wauguzi. Mbona tunaombwa fedha tena?" Somo hili linalijibu kwa mfano wa uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuua wanawake wenye saratani hapa Tanzania.

1. Kutazama si kuona

Mkulima wa kahawa analijua hili. Nilipokuwa mtoto nilikagua mti nikasema ni mzima. Mama alishika tawi lilelile akanionyesha madoa meusi yaliyodidimia kwenye buni changa: chulebuni. Macho yangu hayakuwa mabovu, yalikuwa hayajafundishwa. Nilianza kuyaona madoa hayo mwenyewe baada ya kusahihishwa mara kadhaa, palepale mtini.

2. Ugumu wa kazi ya muuguzi

Katika uchunguzi wa siki, muuguzi hupaka mlango wa kizazi asidi ya asetiki ya asilimia 3 hadi 5, husubiri kama dakika moja, kisha huangalia. Sehemu yenye mabadiliko yanayoweza kuzaa saratani hugeuka nyeupe. Lakini si kila weupe ni hatari. Uvimbe, maambukizi, hata ngozi changa inayokua kawaida, huweza kuwa vyeupe pia. Weupe wa kutiliwa shaka huwa mzito, una kingo zilizo wazi, na hugusa mpaka wa tabaka mbili za seli.

Kitabuni tofauti hiyo ni sentensi moja. Zahanati, kwenye mwanga hafifu, ni kazi ngumu. Muuguzi akikosea upande mmoja, mama huambiwa ni mzima huku ugonjwa ukiendelea kimyakimya. Akikosea upande wa pili, mama hutibiwa bila sababu.

3. Nguvu ya mrejesho

Mtu anayetazama picha mia bila kuambiwa alipokosea huweza kulizoea kosa lake. Ndiyo maana Uingereza, wanaosoma picha za eksirei za matiti katika mpango wa taifa hutakiwa kusoma zisizopungua 5,000 kwa mwaka, na hujipima kwa picha ambazo majibu yake yanajulikana.

Hapa kwetu kaskazini, Dk. Karen Yeates wa Chuo Kikuu cha Queen's, Kanada, na wenzake wakiwamo Watanzania, walijaribu utaratibu waliouchapisha mwaka 2016 kwa jina la Njia ya Kilimanjaro. Wahudumu wasio madaktari walifundishwa, kisha wakafanya kazi vituoni wakiwa na simu. Baada ya kupaka siki walipiga picha, wakaituma kwa mtaalamu pamoja na uamuzi wao, naye akawajibu. Kila mgonjwa akawa pia somo, na kosa likaweza kusahihishwa kabla halijawa mazoea.

4. Mipaka yake

Kukubaliana na mtaalamu si hakikisho la usahihi; naye ni binadamu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kipimo cha vinasaba vya kirusi cha HPV kiwe chaguo la kwanza. Hata hivyo, kirusi kikionekana, bado mtu huangalia ili kuamua tiba inayofaa. Jicho lililofundishwa litaendelea kuhitajika.

5. Inatuhusu vipi?

Semina ina vyeti na picha ya pamoja. Ni rahisi kuitolea taarifa. Mrejesho hauna sherehe. Ni vocha za simu, saa za mtaalamu, na nauli ya msimamizi kupanda mlimani kila mwezi. Nakiri kwamba niliwahi kuandika bajeti yenye siku tano za semina bila hata mstari mmoja wa ufuatiliaji. Tulihesabu waliofundishwa; hatukujua ni wangapi wanaona sawasawa. Wafadhili na wazee wa sharika, mkisoma maombi ya mafunzo, utafuteni mstari huo kwanza.

Maswali ya kujadili
1. Katika mafunzo tuliyogharamia, nani aliwafuatilia wahitimu baada ya miezi sita?
2. Mhudumu wetu akiwa na shaka leo, humuuliza nani, na jibu humfikia lini?
3. Picha zikitumwa, ridhaa na siri ya mama hulindwaje?